Mkono Uliolambwa

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akatafuta ushujaa mahali usipokuwapo. Naogopa radi, naogopa ngazi, naogopa sindano ya daktari ingawa za kwangu za ushonaji nashinda nazo mdomoni kutwa nzima. Mama husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi wangu nimeukimbiza tangu nilipojifunza kutembea. Kwa hiyo Jumamosi ile Kufuli alipotupanga uani, wapangaji wote mstari mmoja, akatuamuru kila mtu anyooshe mkono wa kulia, mimi nilikuwa wa kwanza kutii. Na nilikuwa na sababu ya kutetemeka kuliko wote.

Kufuli ndiye mwenye nyumba. Jina hilo tulimpa sisi, naye halijui, au analijua na amenyamaza. Bomba la uani lina kufuli. Geti lina kufuli. Sanduku la umeme lina kufuli. Hata choo cha nje kilichoziba zamani kina kufuli, sijui ni mwizi gani atakayekuja kuiba harufu.

Vyumba vyake vimezunguka ua wa saruji, na chetu, mimi na mama, ni kile kilicho jirani na bafu. Chumba hicho ndicho roho yangu, na nitaeleza kwa nini. Mama alipigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalala. Kila nyumba niliyoulizia ilikuwa na ngazi, au bafu liko ng'ambo, au mwenye nyumba akimwona mama tu anakumbuka ghafla kwamba chumba kimeshapata mtu. Hapa mama hushika ukuta, akajikokota mpaka bafuni peke yake, akaoga, akarudi. Habebwi na mtu. Aliwahi kuniambia kwamba siku nitakapoanza kumbeba kama mzigo wa kuni, nimwombee afe haraka. Alisema kwa utani, lakini hakucheka.

Cherehani yangu iko barazani, mlangoni kwetu. Upande wa pili wa ua, mbele ya macho yangu, kuna nguzo ya chuma, na kwenye nguzo alifungwa mbwa.

Kufuli alimwita Askari. Alimleta akiwa mtoto wa kubebwa kwa kiganja, akamvika mkanda wa ngozi shingoni, akaunga mnyororo na, bila shaka, akapiga kufuli. Mbwa akakua. Mkanda haukukua. Labda mtu mwingine angeweza kukaa mbele ya jambo hilo asilione, lakini mimi kazi yangu ni miili ya watu inavyokua na nguo zisivyokua. Mtoto wa shule namwachia upindo mpana kwa sababu najua mwakani atarudi kwangu amerefuka. Askari hakuna aliyemwachia upindo. Ngozi ya mkanda ikaanza kuzama ndani ya ngozi yake, pakaanza kunuka, nzi wakahamia. Maji alipewa pale tu Kufuli alipokumbuka, na Kufuli si mtu wa kukumbuka. Jua likipanda, kivuli cha ukuta kilimkimbia, na mnyororo haukufika.

"Mbwa mwenye njaa ndiye mlinzi," Kufuli alikuwa akijibu mtu akigusia. "Wewe ukishiba si unalala?"

Tulikuwa tunacheka. Mcheka na mwenye nyumba hulala ndani.

Kufuli akitoka, nilianza kwa kumtupia Askari makombo. Halafu nikawa nampelekea maji kwenye kopo la rangi. Halafu asubuhi moja, nikiwa nakanyaga pedeli, redioni akaingia mama mmoja, afisa wa serikali, akaeleza sheria ya nchi kuhusu wanyama. Kwamba mnyama unayemfuga umpe chakula, maji na kivuli, na usimfunge kwa namna inayomuumiza, na kwamba kumwacha ateseke hivi hivi nako ni kosa, hata kama hukumpiga fimbo. Kwamba mtu anaweza kwenda jela. Akataja namba ya simu. Nikaiandika kwa chaki kwenye meza ya cherehani, nikaifuta kwa kiganja, nikaiandika tena. Jioni nilijifungia bafuni nikapiga, nikinong'ona kama mtu anayeiba.

Walikuja yule afisa mwenyewe na kijana wa kumsaidia, wamevaa mabuti. Walichuchumaa mbele ya Askari wakatazama shingo. Kufuli alikuwa ametoa viti, ametoa na tabasamu.

"Hicho kidonda ni cha jana tu, dada yangu," alisema. "Alijinasa kwenye waya. Leo hii nilikuwa natafuta dawa."

Afisa akatugeukia sisi. Kinyozi, jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu wa maneno mengi, safari hii alikuwa na machache: "Mimi natoka na giza, narudi na giza. Huyu mbwa namjua kwa sauti tu." Mama Pacha, mpangaji mwenzetu, alisema wanawe hawamwachi hata akatazama dirishani. Zamu yangu ikafika.

"Mimi macho yangu yako kwenye sindano," nikasema.

Afisa alinitazama kidogo zaidi ya alivyowatazama wengine. Nadhani alitambua sauti. Kisha akasema kwa wote, "Kidonda tunakiona. Ila yeye anasema ni cha jana, na hakimu atataka mtu aliyeona siku zote, atakayesimama aseme. Mkinyamaza, mimi nitatoa onyo tu, basi. Nitarudi kuangalia kama ametibiwa." Alipopita barazani aliniwekea kipande cha karatasi chenye namba yake chini ya mkasi, bila kunitazama. Nilikitafuna nikakimeza, nikiwa nimeshaikariri namba. Mniite kichaa.

Kufuli alifunga geti nyuma yao. "Kuna nyoka ndani ya nyumba yangu," alisema, na hakupaza sauti. "Nitamjua. Na nikimjua, yeye na vyombo vyake barabarani siku hiyo hiyo."

Mama alikuwa amesikia yote kutoka kitandani. Usiku aliniuliza, "Ni wewe?" Nikamfunika shuka. Akavuta pumzi ndefu. "Mdomo uliponza kichwa, mwanangu. Na safari hii vichwa ni viwili."

Sikulala vizuri tena. Nilimshona mteja sketi nikaweka zipu mbele. Nikasema basi, nimefanya yangu, sasa nakaa kimya.

Lakini Kufuli hakutafuta dawa, na ule mkanda ulikuwa bado pale. Siku moja alitoka kwenda mjini. Nikachukua wembe, sindano nene na uzi wa kushonea viatu, nikaenda kwenye nguzo. Nilifumua mkanda pale kwenye chuma cha kufungia, nikautoa kwenye nyama polepole. Askari alitetemeka, lakini hakunung'unika hata mara moja. Halafu nikaushona upya nikiwa nimeunga kipande cha kitambaa kilichokunjwa mara nne, ili shingo ipate nafasi. Kitambaa nilikichomoa kwenye mfuko wa vipande bila kutazama. Macho yangu yalikuwa kwenye geti. Kazi ilikuwa safi. Hata kwa hofu mkono wangu haushoni ovyo. Kufuli aliporudi hakuona kitu, maana alimtazama yule mbwa kama alivyoitazama nguzo.

Ndipo ikaja Jumamosi.

Alitugongea milango mchana, jua kali. Mama naye akaambiwa atoke. Nikamwekea kigoda mwisho wa mstari, karibu nami. Tukasimama. Kisha Kufuli akatoka chumbani kwake amevaa suti yake mpya, kwa kuwa baadaye alikuwa na mwaliko.

Suti ile niliishona mimi. Kitambaa cha zambarau iliyoiva, chenye mistari myembamba ya kijivu. Shemeji yake alikileta kutoka mbali, na Kufuli alijisifu barazani kwangu muda wote nilipokuwa nampima: mji huu mzima hakuna mwingine mwenye nguo hii, Fundi, kwa hiyo hata kipande usimpe mtu. Sikumpa mtu. Vipande nilivitia kwenye mfuko. Nikatazama shingo ya Askari. Kati ya manyoya machafu, chini ya koo, palikuwa na zambarau.

Wezi huacha nyayo. Mimi nimeacha mshono wangu na kitambaa cha mwenye nyumba, na juu yake nimepiga pasi.

"Wahenga hawakuwa wajinga," Kufuli alisema, akitembea mbele yetu. "Walisema mkono mtupu haulambwi. Sasa leo namfungulia Askari. Atakayelambwa mkono ndiye anayemlisha kwa siri. Na anayemlisha ndiye aliyepiga simu. Nyoosheni."

Tukanyoosha. Mimi wangu nilikuwa nimeusugua kwa sabuni, halafu kwa mafuta ya cherehani, kwa kuwa tetesi za jaribio hili zilitufikia asubuhi. Mama alinyoosha ule wake mzima. Nilitaka kumwambia aushushe, lakini Kufuli alikuwa ametukazia macho.

Kufuli akafungua kufuli, mnyororo ukaanguka chini.

Askari hakukimbia. Alitembea mpaka pale mnyororo unapoishia siku zote, akasimama, kama bado umemshika. Kufuli akampiga teke la matako. "Nenda!" Mbwa akavuka mahali ambapo hajawahi kuvuka, akiinua miguu kama anayekanyaga maji.

Alimfikia Mama Pacha, ambaye alikuwa amefumba macho na midomo inacheza kwa dua. Akampita. Alimfikia Kinyozi, akanusa kile kiganja kinachokaa kwenye spiriti kutwa, akapiga chafya. Mtu mmoja akacheka, akajikohoza haraka. Kisha akaja kwangu.

Alisimama. Pua yake ilifika kwenye vidole vyangu, nikahisi pumzi yake ya moto. Mkia ukaanza kutikisika, kidogo, kidogo tu. Moyoni nilikuwa nasema, nenda, tafadhali nenda, usinijue leo. Mama alikuwa kushoto kwangu, nasikia anavyopumua. Niliuona ukuta ule anaoushika kwenda bafuni. Nilijiona nimempakia kwenye mkokoteni pamoja na masufuria. Mimi niliyemlisha mbwa huyu nilimwombea mabaya wakati ule, nasema kweli. Niliomba aanguke afe palepale kabla ulimi haujatoka.

"Haya, vipi huko?" Kufuli akasema kwa hasira kutoka nyuma yake.

Askari alisikia sauti ile akageuka. Akaniacha. Akavuka ua wote, mkia sasa unakwenda kwa nguvu, kichwa chini, mpaka kwa Kufuli. Mkono wa Kufuli ulikuwa unaning'inia tu, hauna kitu. Mbwa akaulamba. Aliulamba taratibu, kidole kwa kidole, nyuma na mbele, kama mama anavyomsafisha mtoto, akiwa amefumba macho.

Kufuli hakuuondoa mkono, nadhani hakujua afanye nini nao.

Kinyozi ndiye aliyeharibu. Ulimi wake hauna breki. "Mwenye nyumba, basi kesi imekwisha! Aliyepiga simu amepatikana." Watu wakaangua kicheko, kile cha mtu aliyeponea chupuchupu, na mimi nikacheka nao, machozi yakinitoka. Kinyozi akapata moto. "Halafu tazameni, kumbe mmeshona na sare!"

Akaona alichosema. Niliuona mdomo wake ukibaki wazi, halafu ukafunga, halafu akanitazama kwa uso wa mtu aliyemkanyaga mtoto. Lakini neno likitoka halirudi. Kufuli alitazama chini. Akatazama shingo ya mbwa. Akatazama mkono wa koti lake. Kicheko kilikufa.

"Fundi," alisema.

Hakunisogelea. Alimkamata Askari kwa ule mkanda, pale pale penye kitambaa, akamnyanyua mpaka miguu ya mbele ikaacha saruji. Kidonda kikafunguka. Mbwa alikuwa anakoroma kwa kukosa pumzi, macho yametoka, na bado, Mungu shahidi, ulimi wake ulikuwa unautafuta ule mkono.

"Nani mwingine ana kitambaa hiki? Sema!"

Ningeweza kusema vipande vyangu hupeperuka. Ningeweza kusema lolote. Waoga tuna uongo mwingi kuliko nyuzi. Lakini ule ulimi ulinishinda. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima kwa ajili ya mkono wangu, na mbwa mwenyewe hakuwa hata akiufikiria.

"Mwachie," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. "Ni mimi. Mwachie, mzee."

Hakumwachia. Nikatoa simu mfukoni. Ile namba niliyoimeza ilitoka vidoleni bila kukosea. Afisa alipopokea, nilitaja jina langu, la baba na la babu, nikataja nyumba na chumba, nikasema nimeona kila siku tangu mkanda ule ulipovishwa, na ninaona sasa hivi anavyonyongwa.

"Utasimama mahakamani?" aliuliza.

"Nitasimama," nikasema, nikakaa chini kwenye saruji.

Kufuli alimwachia. Sijui kama ni simu au ni macho ya watu. Maana kwa mara ya kwanza hakuna mpangaji aliyekuwa anatazama chini. Maafisa walikuja na gari kabla jua halijapoa. Safari hii Mama Pacha alisema aliyoyaona, na Kinyozi akasema, kwa sauti ndogo kabisa. Askari alikataa kuingia garini. Alivuta kurudi kwa Kufuli mpaka yule kijana akambeba, na kichwa chake kikabaki kimegeukia nyuma juu ya bega la kijana. Kufuli alikuwa ameupa ukuta uso.

Walituambia kesi ni Jumatatu.

Jioni, nikiwa nampangusa mama miguu, mlango ukagongwa. Nilijua ni Kufuli kwa namna ya kugonga. Nikamfungulia kwa sababu nyumba ni yake. Alikuwa bado na suti, ila amelegeza tai. Mkononi alikuwa na mnyororo, nami sikuweza kuyaondoa macho yangu kwenye ule mnyororo.

"Nataka kuuliza kitu kimoja," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamlisha. Kwa nini alinijia mimi?"

"Wewe ndiye mwenyewe, mzee. Mbwa hana mwingine."

Nilidhani atasema neno la kibinadamu, na labda lilifika kooni. Kisha akakohoa, akaufungia mnyororo kiganjani, akarudi kuwa Kufuli.

"Sikiliza, Fundi. Sisi ni watu wazima. Jumatatu uumwe. Kichwa, tumbo, chagua wewe. Bila wewe wale wengine watayumba, nawajua. Ukiumwa, chumba hiki ni chako na mama yako mpaka wenyewe mtakapochoka. Ukienda," akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa bafuni, "mama ataanza kujifunza ngazi."

Na mimi, nisidanganye, niliyumba. Nilifungua mdomo nikausikia ukitafuta neno la kukubali. Naogopa ngazi, nimesema. Nikamgeukia mama, anisamehe, anisaidie, anipe ile methali yake ya kunguru.

Mama alikuwa anamtazama Kufuli. Si uso wake. Alikuwa anautazama mkono wake, ule uliolambwa, ulioshika mnyororo.

"Mwanangu," akaniambia bila kuyaondoa macho pale, "anza kukunja nguo."

Nikaanza na za kwake.